Mama Mkwe Aliponichagulia Kamera

Kwa miaka yote ya ndoa yangu nimeujua mgongo wa mama mkwe wangu vizuri kuliko ninavyoijua njia ya kwenda kwangu. Nipangie kina mama wote wa soko la Kabati, wamenipa kisogo, nami nitakuonyesha wake bila kusita: bega la kushoto limeshuka kidogo, leso imefungwa juu, na kisigino kinakanyaga kama kimeudhiwa na ardhi. Uso ndio sikuujua. Ningekutana nao mahali bila ule mgongo ningeuamkia kama uso wa mgeni na kupita.

Watu wasio wa huku wakisikia hivyo hudhani tumegombana. Hatujagombana. Ni nthoni, heshima ya Wakamba kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Hampeani mkono, hamli pamoja, hamkai chumba kimoja, hamtazamani usoni, na mkikutana njiani mmoja wenu anaingia kichakani. Siku hizi vijana wengi wameilegeza. Wapo hata wanaopiga selfi na mama wakwe zao, wameegemeana mabegani, nami nikiziona picha hizo kwenye simu huwa nafumba macho kwa niaba yao. Lakini mama mkwe wangu si wa siku hizi. Katika picha za harusi yangu yumo, sikatai: yeye ni ule mwavuli wa samawati nyuma ya keki.

Kwa mtu wa kazi nyingine hilo si tatizo. Fundi wa mabomba anaweza kuishi mpaka azeeke bila kumtazama mama mkwe wake, na mabomba yasivuje. Mimi ni mpiga picha.

Nilizaliwa Makueni, upande wa mji wa Wote, nikaletwa Mwingi na kazi, nikazuiliwa huku na msichana wa Migwani ambaye sasa ni mwalimu wa chekechea na ndiye mke wangu. Studio yangu ni chumba kimoja nyuma ya maduka yanayotazama barabara ya Garissa. Ndani kuna pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na wateja wangu, ambao wengi wao wanatoka kwenye mito ya mchanga mtupu, husimama mbele yake wakiwa wamekunja suruali kidogo. Hapo napiga picha za pasipoti na za familia. Mwisho wa wiki ni harusi na kwaya. Na siku ya mnada nafunga mlango nakwenda kupiga picha za barabarani, mbuzi na malori na wachuuzi, kazi ambayo hakuna aliyenituma na ambayo ndiyo naipenda kuliko zote.

Ukweni hawakuwahi kusema kwamba hii si kazi. Walikuwa wakiuliza tu. Kila nikienda, mtu mmoja angeniuliza kama bado nafanya "ile maneno ya picha," kwa sauti ile ya kumuulizia mtu kidonda kinaendeleaje. Mama mkwe hakuuliza, maana hangeweza kuniuliza kitu. Hapo ndipo paliponiuma. Mtu pekee ambaye nilitaka kujua ananionaje ndiye ambaye kwa desturi hakuwa na njia ya kuniambia. Nilijaribu kupitia kwa mke wangu.

"Mama ananionaje?"

"Anakuheshimu."

"Sijauliza kama ananiheshimu. Nauliza ananionaje."

"Si nimekuambia anakuheshimu? Unataka aje akuimbie?"

Heshima! Hata kaburi huheshimiwa. Nilinuna siku nzima, na mke wangu akanipikia chapati ili ninyamaze, nikazila nikiwa bado nimenuna.

Basi kwaya ya kina mama ya kanisa la kwao Migwani ikaamua kurekodi video. Mwenyekiti wao alifunga safari mpaka studioni kwangu. Ni mama mnene mwenye sauti ambayo haijawahi kuhitaji kipaza sauti, na aliketi kwenye kiti cha wateja akakijaza chote.

"Mkwe wetu," akasema, "tunataka video. Na si ile ya simu. Tunataka ile inaanzia kwa maua inakuja inapata watu wakiimba."

"Hiyo si kazi, mama. Nani anaanzisha nyimbo?"

"Wewe hujui? Si ni mama yenu."

Nilihisi maji ya yale maporomoko yakinimwagikia mgongoni. Mwanzishaji wa nyimbo ni mama mkwe wangu. Bila yeye kwaya ile ni watu waliovaa vitenge vya kufanana. Kukataa sikuweza, maana ni ukweni. Kukubali kulimaanisha kumlenga mama mkwe kwa lenzi.

Nilikubali, nikaenda na kamera yangu ya zamani, ile nzito ya watu wa studio, yenye kioo ndani. Kamera hiyo unaitumia kwa kufumba jicho moja na kulibandika la pili kwenye kitundu cha nyuma. Kwa wageni wa kazi hii, ukimtazama mtu anayeitumia ataonekana kabisa kama anachungulia bafu la jirani. Mama mkwe alikiona kitendo hicho kwa mbali, akaelewa yote.

Sijawahi kuona mtu mwenye umri ule akijificha kwa ustadi vile. Kwaya ikipiga hatua kushoto, yeye alikwenda kulia. Wakiinua mikono, aliinama. Nilipozunguka kwa upande, alikuwa ameshafika nyuma ya mwenyekiti, ambaye kwa umbo lake angeweza kuficha na wajukuu. Na wakati wote huo aliimba, sauti safi, kali, haikutetereka. Tulipoitazama video tukaona kina mama wote wamefunga vinywa wakingoja zamu yao ya kuitikia, na sauti ya mtu mmoja inaimba kutoka kusikojulikana.

Mwenyekiti alitazama mara mbili. "Hii watu watasema ni pepo imeingia kwaya."

"Ni mwanga, mama," nikasema.

"Si mwanga. Ni mama mkwe." Akavuta pumzi. "Tunakupatia chance moja tena. Ikikataa tunaita yule kijana wa video wa Kitui. Yeye si mkwe ya mtu hapa."

Sikulala vizuri na maneno hayo. Yule kijana wa Kitui akija, Migwani nzima ingesema mkwe fulani amekataliwa hata na mama ya bibi yake. Nisingepita pale tena bila kuingia kichakani kwa ajili ya kila mtu. Na mama mkwe, ambaye labda hakuwa ameamua kama mimi ni mtu au ni hasara, angekuwa na ushahidi.

Nilikuwa bado natafuta la kufanya siku ya mnada pale Mwingi, mchuuzi mmoja aliponiomba nimpigie fahali wake picha ya kumtumia mnunuzi wa mbali. "Songa karibu," akanihimiza, "uso uonekane vizuri." Nikasonga. Nikafumba jicho moja. Sijui fahali yule alilelewa wapi, lakini alikuwa na nthoni kumshinda mama mkwe. Alipoona nachungulia alitupa kichwa mara moja tu, kamera ikapaa, ikashuka, akaikanyaga, halafu akarudi nyuma na kuikanyaga tena kama mtu anayehakikisha sigara imezimika. Mchuuzi alikuja mbio, akapiga magoti, akampapasa fahali pembeni mwa pembe.

"Hajaumia?" akauliza.

Nikabaki sina kamera, na kwaya inangoja.

Mtu asiye wa kazi hii hudhani kamera ni kamera. Ningekuwa na uwezo ningenunua tatu. Studio inataka kubwa, tulivu, inayoonyesha uso wa mtu mpaka vinyweleo, kwa kuwa mteja wa studio amekaa na anangoja. Barabarani unataka ndogo, isiyo na mlio, inayotosha kiganjani. Ukiingia mnadani na kamera kubwa, kila mchuuzi anakaza shingo kama diwani, na wawili watatu watakuuliza ni serikali gani imekutuma. Na video inataka kamera isiyochoka, inayorekodi wimbo wa beti kumi na mbili bila kupata moto ikazima yenyewe kwenye ubeti wa kumi na moja. Mimi mfuko wangu uliruhusu moja. Tena moyo ulikuwa umeshachagua: ile ndogo. Niliiona miezi mingi kwenye kabati la vioo la duka moja hapo Mwingi, nyeusi, imekaa pembeni peke yake, na kila nilipopita nilikuwa naingia kuuliza bei ya betri ambazo sikuzihitaji.

Nilikwenda dukani na mke wangu, kwa sababu akili yangu ya kununua vitu haiaminiki nyumbani. Mwenye duka ni Mwislamu ambaye wazazi wake walitokea upande wa Garissa, lakini yeye amekulia Mwingi na Kikamba chake kinanishinda. Anauza simu, redio, pasi na kamera za mitumba. Alinitolea tatu akazipanga juu ya kioo.

"Ya kazi gani?" akauliza.

Nikatazama huku na huku. "Ya kupiga mama mkwe bila kumwangalia."

Aliweka kikombe chake cha chai chini, polepole. Nilidhani atacheka. Hakucheka hata kidogo.

"Unataka umpige na hutaki kumuona."

"Kumuona ni lazima nione kidogo. Kumwangalia ndiyo sitaki."

"Na yeye?"

"Yeye hataki kuniona nikimuona."

"Hiyo ni jambo ya maana," akasema, akavuta kiti. "Hata sisi tuko na heshima zetu. Ngoja tufikirie."

Akaiondoa kwanza ile kubwa. Ilikuwa na kitundu cha kuchungulia, ya aina ya marehemu yangu. Akaishika ile ndogo, mpenzi wangu, nami nikaanza kuitetea haraka haraka: kwamba ni ndogo hivi kwamba mama mkwe hata asingejua, kwamba ningeishika kiunoni tu, kwamba haina mlio. Mke wangu akanitazama kwa lile jicho la kutazamia watoto wa chekechea wenye udongo mdomoni.

"Si tumuulize mwenyewe," akasema, akatoa simu.

"Nani?"

"Mama."

Nikarudi nyuma mpaka kwenye pasi, kwa sababu hata simu ni karibu. Mke wangu alizungumza na mama yake Kikamba, na kila mara alifunika simu kwa mkono na kutuletea ujumbe.

"Anauliza ile ndogo unashika namna gani."

"Kiunoni," nikasema.

Akasema. Akasikiliza. "Anasema mtu akishika kitu kiunoni halafu anatazama mbinguni, huyo ni mwizi. Toa."

Roho iliniuma, sifichi. Niliitazama ile kamera ndogo ikirudishwa kabatini na mtu ambaye hajaiona, aliye Migwani, pengine anachambua mbaazi. Nikataka kusema kitu. Mwenye duka akanitangulia. Aliisukuma mbele ile ya tatu, ya watu wa video, ambayo haina kioo ndani na skrini yake inafunguka kando kama dirisha dogo.

"Hii unaweka kwa stendi, unaenda zako," akasema. "Inaongea na simu yako. Picha unaiona kwa simu. Unaweza kaa nyuma ya ukuta."

Mke wangu akapeleka habari. Tukangoja jibu. Hata mteja aliyeingia kutafuta chaja alisimama mlangoni akangoja.

"Anauliza kwa hiyo simu uso wake utakuwa mkubwa namna gani."

Tulitazamana. Mwenye duka akaifungua kamera, akaielekeza kwa mteja wa chaja aliyekuwa mlangoni, akanipa simu yangu. Uso wa yule mteja ulikuwa kitu kidogo cha kahawia.

"Mwambie kama mbaazi," nikasema.

"Mbaazi mbichi ama kavu?" mke wangu akauliza. Alikuwa ameshaulizwa.

"Kavu!" tukajibu wote, na mteja wa chaja pia.

Mke wangu akasikiliza, akatikisa kichwa kwa heshima kana kwamba mama yake anamwona. "Amesema mbaazi kavu ni sawa. Ikifika saizi ya chungwa, ameacha kwaya. Na wewe usionekane hata kidole."

Hivyo ndivyo kamera yangu ilivyochaguliwa. Nimewasikia wenzangu wa kazi wakibishana mpaka mate yanaruka kuhusu lenzi na rangi na giza. Mimi nikiulizwa kwa nini nilichukua hii, husema ni ushauri wa familia.

Siku ya kurekodi nilifika mapema kanisani nikaisimamisha stendi uwanjani, nikapima, nikaweka alama za chaki ambazo hakuna aliyepita juu yake kwa miguu siku hiyo, kwa kuwa mwenyekiti alidhani ni za maombi. Kisha nikaenda kujificha nyuma ya tangi la maji, lile jeusi kubwa la plastiki, simu mkononi. Mahali pengine palikuwa mbali, na simu ikienda mbali na kamera mawasiliano yanakatika. Nikawa mtu wa tangi.

"Mko tayari?" nikapaza sauti.

"Tangi imeuliza kama tuko tayari," mwenyekiti akawaambia wenzake.

Mke wangu alisimama katikati akipitisha maneno. Kwenye skrini niliona mbaazi zimejipanga, zimevaa vitenge. Mbaazi moja ilikuwa nyuma kabisa, nusu imefichwa. Wimbo ukaanza, na kwa ubeti wote wa kwanza mbaazi ile ilikaa palepale. Nikajua nimeshindwa. Nikaanza kufikiri kazi nyingine: mifugo hapana, fahali hawanipendi.

Ubeti wa pili ukaingia, na mbaazi ikatoa kichwa. Ikaitazama kamera. Hakukuwa na mtu nyuma yake, ila stendi ya miguu mitatu na kuku wa mchungaji. Ikasogea kando ya mwenyekiti. Ikasogea tena. Ubeti wa tatu mama mkwe wangu alikuwa mbele ya kwaya nzima, mikono juu, anacheza, anazunguka, anaelekeza wenzake kwa kidole, na leso yake inapepea kila upande. Kina mama walishtuka kidogo wakaanza kuimba kwa nguvu kama watu waliowashiwa moto. Sikujua kama mtu yule anaweza kuwa hivyo. Miaka yote nilimpa kichaka, naye alikuwa na yote hayo mbele.

Nilisahau kabisa kwamba sitakiwi kuangalia. Niliileta simu karibu na pua. Nikataka kuikuza ile picha kwa vidole, vidole vikafika, nikakumbuka chungwa, nikavirudisha mfukoni.

Walirekodi nyimbo zote. Mwenyekiti alitaka na maua, tukapata maua. Alitaka na gari, na mwenye gari la pekee pale kanisani akatupa ruhusa, ingawa lilikuwa na pancha. Katikati tukapumzika tule. Mimi kama mkwe nilipelekwa kwenye chumba changu peke yangu nikawekewa kuku mzima, ambaye nilijua ni nani aliyempika na ambaye hakuna aliyemtaja. Kina mama walikula upande wa pili. Kamera ilibaki uwanjani.

Jumatatu mchana nilishusha pazia la mlango wa studio nikaanza kazi ya kukata na kuunga. Kwenye kompyuta uso wa mtu hauwi mbaazi, unakuwa sinia. Basi niliipunguza picha mpaka ikawa ndogo pembeni mwa skrini, nikafanya kazi hivyo hivyo nimekodoa macho kama mtu anayetoa mwiba. Kama uso wa mama uko safi au una ukungu, hilo mke wangu angekuja kulikagua akitoka shule. Ndivyo tulivyokubaliana.

Nilifika kwenye kipande nisichokifahamu. Kilikuwa kirefu, na hakikuwa na wimbo. Uwanja mtupu, viti vya plastiki, kuku anadonoa. Nikadhani nilisahau kuzima wakati wa chakula. Nilikuwa karibu kukifuta ndipo leso ikapita mbele ya lenzi, kiti kikaburutwa, na mtu akaketi. Nikageuza macho kando haraka hata shingo ikalia. Sauti ikaja masikioni kupitia waya, karibu kabisa, sauti ile ya kuanzisha nyimbo. Alisema Kikamba, nayaandika maneno yake hapa kwa Kiswahili nilichonacho.

"Mkwe wangu, nimekusalimia. Usiitike."

Sikuitika.

"Binti yangu ameniambia taa nyekundu ikiwaka hiki kitu kinasikia. Amekiwasha, taa inawaka. Sasa geuka. Nataka kusema na sitaki uniangalie."

Pale studioni, peke yangu, mlango umefungwa, mtu mzima mwenye ndevu, nilisimama nikageuka nikatazama ukuta. Waya ulikuwa mfupi ukanivuta sikio.

"Umegeuka?"

Akangoja. Alinipa muda wa kumtosha hata mtu mzito.

"Haya. Kwanza, sukari. Unaleta sukari nyingi. Daktari alinikataza kitambo, na mimi siwezi kukurudishia, basi nawapa majirani. Sasa majirani wakisikia unakuja wanafurahi kuliko mimi. Leta unga. Pili, pikipiki yako. Nikiisikia kule mtoni naingia kichakani nijifiche, halafu inazima, unakaa hapo unaipiga teke, na mimi niko na siafu. Itengeneze."

Nilitikisa kichwa kuuambia ukuta ndiyo.

"Tatu." Nilimsikia kuku. "Tatu ni hii. Wewe unafikiri sikujui uso. Siku mlipokuja na mbuzi zenu kutoka Makueni nilikuangalia kwa ufa wa mlango wa jikoni mpaka shingo ikaniuma. Sikukupenda. Nilikuwa nimemtazamia binti yangu mtu mwingine, ana shamba lenye maji, ana ng'ombe, na hana maneno mengi. Nikasema huyu wa picha atamlaza njaa mtoto wangu."

Nilikuwa nimeweka kiganja ukutani. Sikumbuki nilikiweka saa ngapi.

"Lakini kila nikimpigia simu, kabla hajasema haloo namsikia anamalizia kicheko. Anamaliza kwanza, halafu ndipo ananiambia 'Mama.' Mimi nilikaa na baba yake mpaka Mungu akamchukua. Alikuwa mtu mwema, na sikumbuki siku aliyonichekesha. Sijui huwa unamwambia nini huyo msichana. Usiniambie, hainihusu. Ila usiache."

Kiti kikasukumwa.

"Nimemaliza. Usigeuke mpaka nitoke. Halafu futa, watu wasije kusema nimeongea na mkwe."

Nilisikia kile kisigino kikienda, kimeudhiwa vilevile na ardhi. Nilingoja mpaka akabaki kuku peke yake, ndipo nikageuka. Ningeweza kurudisha nyuma nikamtazama. Picha kubwa, uso mzima, mlango umefungwa, nani angejua? Mkono ulikuwa umeshafika. Nilikuwa na hamu ya uso ule kuliko nilivyowahi kuwa na hamu ya picha yoyote. Lakini alikuwa ameniomba, na hajawahi kuniomba kitu zaidi ya unga. Nikakifuta. Halafu nikarudi ukutani, kwa sababu machozi yalikuwa yamekuja na sikujua mahali pengine pa kuyapeleka.

Mke wangu aliingia hapo hapo na mfuko wake wa chaki. "Umemaliza? Nikuangalilie ukungu?" Kisha akaniona. "Na mbona umeangalia ukuta?"

"Mama yako ameniambia nigeuke," nikasema.

Akashika mwimo wa mlango. Alianza taratibu, akijaribu kuzuia kicheko, halafu kikamshinda, akacheka mpaka mfuko ukamwanguka na chaki zikatawanyika sakafuni. Nilikuwa na la kumjibu, lakini nilisimama pale nikimsikiliza mpaka amalize.